Jiwe Lilipokohoa

Leo jirani anachemsha ukwaju, na harufu yake imenirudisha uani kwetu Temeke, penye lile jiwe la mama la kuchapia picha. Mama alikuwa amechora uso wa bibi juu yake kwa chaki ya mafuta, kazi ya wiki nzima. Ilibaki kulipaka gundi yenye asidi, ili wino ushike kwenye mchoro tu. Asidi ikawa imekwisha. Mama akachuja ukwaju mkali, akaukoroga na gundi.

“Dada, unachapa picha au unaunga samaki?” mjomba akamcheka. “Utamfuta mama yetu!”

Mama akachovya kijiti kwenye gundi ile ya ukwaju. Akadondosha tone moja pembeni mwa jiwe. Nikatega sikio, nikasikia povu likilia taratibu kama soda.

“Mama, jiwe linakohoa!”

“Basi limekubali,” akasema, akalipaka lote.

Wino ulipopakwa na karatasi ya kwanza kubanduliwa, bibi alikuwa anatutazama, mpaka mikunjo ya macho. Mjomba mwenyewe akamwamkia: “Shikamoo, mama!”

Labda nimeongeza chumvi, sijui. Na kusema haki, ukwaju ulikuwa wazo la mama. Ila mpaka leo akiwafundisha wengine huwaambia, “Subirini likohoe.” Neno hilo ni langu mie.