Sura ya Nne ya Daktari

Mwalimu mkuu aliaga kwenda kusomea shahada ya udaktari katika uongozi wa shule na wilaya, akamwachia msaidizi wake funguo, paa linalovuja na wanafunzi mia tisa. Miaka minne baadaye alirudi kifua mbele, akaagiza hata wakwe zake wamwite Daktari, akaomba uafisa elimu wa wilaya. Mpinzani wake alikuwa mmoja tu, yule msaidizi, mwenye chaki hadi kwenye mikono ya gauni. Daktari alimwonea huruma.

Kwenye usaili, mwenyekiti wa jopo, mama wa miwani, alifungua tasnifu ya Daktari sura ya nne.

“Daktari, umeandika ufaulu wa shule yako umepanda miaka minne mfululizo.”

“Naam, mama. Takwimu hazidanganyi.”

“Miaka hiyo wewe ulikuwa wapi?”

“Chuoni, mama. Nikisomea uongozi.”

“Na shule alibaki nayo nani?”

Daktari aliinamia ukurasa. Sura ile alikuwa ameipitia mara kumi na mbili, akisahihisha koma.

Jopo lilimsifu kwa utafiti uliowarahisishia kazi. Uafisa walimpa msaidizi, na Daktari wakamshauri arudi chuoni upesi, kabla ufaulu haujaanza kushuka.