Ngano Fupi ya Baba Mkwe

Baba mkwe wangu alipenda ngano ndefu. Shamba letu liko Sigino, na raha yake ilikuwa kusimama katikati ya ngano ikimfika kifuani. Lakini ngano hiyo, ikishiba mbolea na kubeba masuke mazito, mvua moja ya upepo iliilaza yote kama mkeka. Msimu mmoja tuliivuna kwa kuinama, tukiokota masuke yaliyoanza kuchipua kwenye tope.

Msimu uliofuata nilikwenda mjini kwenye duka la pembejeo. Muuzaji akanionyesha dawa ya kufupisha mabua.

"Bua halirefuki sana, linakuwa imara," akaniambia. "Ila uwahi. Pulizia likianza tu kutoa fundo la kwanza."

Baba mkwe aliposikia, akashika kiuno. "Mwanangu, mimi nimelisha watoto wangu ili warefuke. Wewe unataka kunidumazia ngano?"

Mume wangu akakaa upande wangu. Tukapulizia shamba lote.

Masuke yalipotoka, ngano ilinifika kiunoni tu. Jirani akapita njiani. "Shikamoo, mzee. Mwaka huu mmepanda majani ya ng'ombe?" Baba mkwe akaitikia marahaba bila kutabasamu. Tangu siku hiyo hakukanyaga shambani.

Kisha, mchana mmoja, upepo ukaja na mvua kubwa. Tulikaa jikoni tukisikiliza mabati yakigongana. Mvua ilipopungua, baba mkwe alikuwa wa kwanza kutoka, bila koti, nami nikamfuata mbio.

Ngano ilikuwa inachuruzika maji, imeinama kidogo, lakini imesimama. Shamba zima! Akashika bua, akalipinda, likarudi. Akapinda jingine. Akaanza kucheka mpaka akajishika mbavu, kisha akanivuta mkono tukazunguka shamba lote, ndala zangu zikibaki kwenye matope.

"Jirani!" akapaza sauti. "Njoo uone ngano yangu!"

"Yako, baba?" nikamuuliza.

"Sasa ya nani?"

Jirani akaja, akatazama, akauliza ile dawa inauzwa wapi. Baba mkwe ndiye aliyemweleza, fundo la kwanza na yote, kana kwamba ameigundua yeye.

Siku ya mavuno kombaini ilipita bila kusumbuka. Baba mkwe alitembea nyuma yake, kofia mkononi, akiimba kwa Kiiraqw. Miaka yote niliyokaa kwake, sikuwa najua kwamba anaimba.