Uanachama Wangu wa Maisha

Mwaka jana timu ya mtaa wetu, hapa Kalemie, iliamua kumpa mtu mmoja uanachama wa maisha. Mimi, beki wake wa zamani, sikuwa na shaka kwamba mtu huyo ni mimi. Nilifika mkutanoni nimevaa suti, katika joto lile la ziwani, nikaanza kuhutubia kabla ya kuombwa.

"Heshima hii," nilisema, "apewe aliyeteseka kwa ajili ya timu."

Watu wakapiga makofi. Ndipo akasimama Mama mmoja muuza ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, shabiki wetu tangu timu ianzishwe.

"Papa huyu amesema kweli," alisema akinionyesha kidole. "Mimi nilikuja uwanjani miaka yote aliyokuwa anacheza yeye. Nilipanda treni mpaka Nyunzu, nikamuona anafunga goli langoni mwetu. Kisha tukarudi naye, njia nzima ananieleza kwamba ni upepo."

Ukumbi mzima ulicheka. Na kweli nilisema ni upepo. Prezida wa timu alipoomba kura za kumpa Mama uanachama huo, mikono yote ilipanda, na wangu pia, ingawa ulichelewa kidogo. Nilipokwenda kumpongeza, Mama alinishika mkono kwa huruma, akaniuliza kama goti bado linanisumbua.