Pareto Kwenye Kizuizi cha Loliondo

Kupima pareto, maua ya kuulia wadudu, kulikuwa na utaratibu wake. Mnunuzi wa upande wa Loliondo alikuja na viroboto wake mwenyewe ndani ya kikopo cha ugoro, kwa sababu viroboto wa muuzaji hawaaminiki. Wengi wamekwisha kufa nusu kabla biashara haijaanza. Unatia chembe ya unga, unafunga, unatikisa, unaweka sikioni. Kwanza unasikia tik, tik, tik, kama rasharasha juu ya bati. Wakinyamaza, ndipo mnazungumza bei.

Unga wenyewe niliupata kwa wakulima wa juu ya Karatu. Maua yaliyokataliwa na ushirika waliyakausha kivulini, wakayatwanga. Njia nzima hakuna aliyeniuliza neno, hadi kizuizi cha karibu na mpaka. Mpaka ulikuwa umefungwa miaka ile, lakini wafugaji walivuka wakifuata majani na maji kama siku zote, maana ng'ombe hasomi kibao.

Hapo alinisubiri mnunuzi wangu, mama mmoja wa kijiji cha Arash, ambaye binti yake aliolewa ng'ambo ya mpaka. Zizi la watoto wa mbuzi la huyo binti lilijaa viroboto.

"Fizi zao zimekuwa nyeupe kama maziwa," akaniambia. "Wengine wamekufa. Waliobaki hawasimami."

Ofisa wa kizuizi akatia kidole kwenye gunia langu, akanusa, akapiga chafya.

"Ndugu, hiki ni nini? Zao, dawa au sumu?"

"Ni maua."

"Maua ya gunia? Zao linauzwa kwa ushirika. Dawa ina kibali chake. Sumu, hiyo ndiyo usiseme kabisa."

Swali lilinipendeza, ingawa lilinikalia vibaya. Hata mimi sikujua ua linaacha kuwa ua lini: likichumwa, likitwangwa, au kiroboto wa kwanza akilala chali? Ofisa akaamua tumngoje bwana shamba. Mpaka afike, mzigo ukae wazi, asije akasema kuna kilichofichwa. Akamimina nusu ya gunia juu ya turubai, juani.

"Jua linaua nguvu yake," nikamwambia.

"Sumu gani inaogopa jua? Acha hizo."

Bwana shamba alifika keshokutwa yake. Akasema tujaribu kwanza. Mama akatia kwenye kikopo chake cha viroboto unga wa turubai, akatikisa. Kikopo kikapita sikio hadi sikio. Tik, tik, tik. Ngoma ya harusi.

"Basi si sumu wala si dawa," ofisa akafurahi, akamwita mama kwa Kimaasai. "Ni unga tu. Yeyo, chukua, vuka nao."

"Nivuke na vumbi?" Mama akanigeukia. "We layoni, umeniletea vumbi?"

Layoni kwa Kimaasai ni mvulana asiyetahiriwa. Nami nilikuwa baba wa watoto watatu. Nilichota unga wa chini ya gunia, ule usioona jua, nikautia kwenye kikopo. Tukasubiri. Kimya.

Ofisa akakiweka sikioni, akakihamishia sikio la pili. "Huu hauvuki," akasema, kwa huzuni kidogo. "Huu unaua."

Kwa hiyo kilichoruhusiwa hakikufaa, na kilichofaa hakikuruhusiwa. Bwana shamba alitikisa kichwa, akakubali kwamba ndivyo ilivyo. Mama ndiye aliyeuliza:

"Na mbuzi, wanavuka?"

"Mifugo inayofuata maji sijawahi kuizuia."

"Basi wana kiu."

Kesho yake asubuhi akarudi na binti yake na punda, watoto wa mbuzi wamepakiwa ubavuni kama vibuyu, vichwa vinaning'inia. Tuliwapaka unga palepale kizuizini: tumboni, nyuma ya masikio, kwapani. Bwana shamba alishika miguu. Ofisa alisimama kando, akamuuliza kama manyoya nayo yahesabiwe kuwa chombo cha kusafirishia. Bwana shamba akasema jambo hilo hajalisoma popote. Ofisa akafikiri kidogo, kisha akakunja mikono ya shati, naye akakamata mbuzi.

"Tunalipa kwa kichwa," mama akaniambia. "Na huyu mdogo ni nusu kichwa."

"Yeyo, kichwa chake ni kizima."

"Kitazame vizuri."

Nikakitazama. Yule mdogo alipowekwa chini alijikung'uta, unga ukaruka, sote tukapiga chafya. Alipiga magoti, akaanguka, akapiga magoti tena. Kisha akasimama kwa miguu inayotetemeka, akaanza kutafuta titi chini ya punda.