Benchi la Wanaopoa

Pale mahakamani karani alikuwa na jina lake, lakini watu walimwita Mama Benchi. Kila aliyekuja na ugomvi wa kifamilia alimketisha kwanza kwenye benchi la ukumbini, bega kwa bega na mgomvi wake, akawaacha wanuniane mpaka wachoke. Wengi walichoka kweli, wakarudi nyumbani bila kufungua shauri.

"Umenipunguzia mzigo leo, mama?" hakimu alizoea kuuliza, akichungulia mlangoni.

"Kiasi cha wewe kuwahi chakula, mheshimiwa."

Kisha akaja mtathmini, kijana mpole mwenye kishkwambi, kupima kila mahakama inahitaji mahakimu wangapi. Alihesabu mashauri yaliyosajiliwa, basi.

"Na hawa, mwanangu?" Mama Benchi alimwonyesha ndugu wawili waliogombea mpaka wa shamba la marehemu baba yao. Walikaa hawatazamani. Mdogo alikuwa amefungwa bendeji mkononi.

"Wana namba ya shauri?"

"Bado. Wanapoa."

"Mfumo hauna mahali pa kuwaandika wanaopoa, mama." Alisema kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyomtia Mama Benchi baridi.

Hakimu alimvuta pembeni. "Wasajili. Wote. La sivyo wataniondoa."

Mama Benchi alishika kalamu, akawatazama wale ndugu. Mkubwa alikuwa ameanza kusogeza goti, mdogo apate nafasi. Ukishawaita mdai na mdaiwa, undugu ndio basi tena. Akairudisha kalamu mfukoni.

Haikuchukua muda, barua ikaja: kazi ya kituo haitoshi kuwekewa hakimu. Hakimu akafungasha. Mashauri sasa yakawa ya kusikilizwa kwenye skrini, na hakimu wa mji mwingine. Ukumbini ikawekwa mashine ya kujisajili, mpya, inang'aa, na benchi likatupwa stoo kuipisha.

Siku wale ndugu waliporudi, bendeji ilikuwa imehamia kwa mkubwa, kichwani. Alibonyeza mashine mwenyewe. Ikamtemea karatasi.

"Lini?" mdogo aliuliza.

"Mwakani."

"Wanangu, hebu kaeni kwanza," Mama Benchi alisema, akageuka kuwaonyesha pa kukaa. Sakafuni zilibaki alama za miguu ya benchi tu.

Mkubwa aliikunja ile karatasi taratibu, akatabasamu.

"Usihangaike, mama. Tutamalizana huko huko shambani."

Mdogo alikuwa ameshatangulia.