Jahazi Lililokazwa Kama Zeze

Filipo Matonya wa Ihumwa, pembeni ya Dodoma, alikuwa ametimiza miaka sitini na mmoja bila kuiona bahari. Maji makubwa kuliko yote aliyowahi kuyaona ni yale ya Gulwe, alikozaliwa, mwaka ule mto ulipofurika ukasomba udongo chini ya reli na kuiacha ikining'inia kama kamba ya kuanikia nguo. Kwa hiyo majirani waliposikia kwamba Filipo anatengeneza jahazi, walicheka hadi wengine wakatafuta pa kukaa.

"Mgogo na jahazi wapi na wapi?" walimuuliza. "Litakokotwa na ng'ombe?"

Filipo aliendelea kutoboa mbao zake. Yeye alikuwa fundi wa zeze, na si fundi wa kubahatisha. Watu walitoka Mpwapwa na Bahi kumfuata, kwa sababu zeze la Filipo ukilitundika ukutani leo, mwakani ukalishusha, nyuzi zake bado zimekaza. Kwake uzi uliolegea ulikuwa aibu, sawa na mwanamume kwenda kanisani na vifungo vya shati wazi. Aliwahi kumrudisha mteja nyumbani kwa sababu tu alisikia amelitunza zeze karibu na jiko.

Wazo la jahazi lililetwa na Hashimu, mtu wa Kilwa, mtumishi wa wizara aliyehamia Dodoma serikali ilipohamia. Hashimu alikuwa amenunua zeze kwa Filipo la kupamba sebule, nalo lilikuwa limependeza. Siku moja akaja na picha kwenye simu: mtepe, jahazi la kale la pwani lililoshonwa kwa kamba za makumbi bila msumari hata mmoja. Lilikuwa na tanga moja la mkeka, la pembe nne, na omo yake, yaani sehemu ya mbele, ilichomoza juu kama shingo ya twiga.

Hashimu akaeleza haja yake. Mama yake, Bi Somoe, alikuwa amekuja Dodoma kutolewa mtoto wa jicho, akakaa miezi sita, na sasa alitaka kwao macho yakishapona. Babu yake Bi Somoe alikuwa mtu wa mwisho katika ukoo ule kushona mtepe. Hashimu alitaka mama arudi Kilwa na mtepe mdogo mkononi.

Filipo aliisogeza picha karibu, akaufuata kila mshono kwa macho. "Hiki kitu kimeshonwa kama kibuyu kilichopasuka," alisema mwishowe. "Nitaweza."

Kutoka jikoni kikasikika kikohozi cha Loisi, mke wake. Kilikuwa kikohozi cha mwanamke aliyekwisha kumsikia mumewe akisema "nitaweza" mara nyingi, na anayekumbuka jinsi kila mara ilivyoishia.

Lakini kiwiliwili cha jahazi alikiweza kweli. Alichukua mabaki ya mninga kutoka kwa mafundi wa makochi, akayapasua kuwa mbao nyembamba kama rula ya shule. Akatoboa matundu kwa spoku ya baiskeli iliyochomwa moto. Kisha akazishona mbao zile kwa uzi wa katani, kama mama yake alivyomfundisha utotoni kushona vibuyu vilivyopata ufa. Miezi miwili baadaye jahazi lilikuwa na urefu wa mkono wa mtu mzima, na ukilitia maji halivuji. Filipo alilitia maji mara tatu kwa siku, ili kila apitaye aone.

Hashimu akalipeleka likiwa bado halina mlingoti wala tanga, mama akalione. Macho ya Bi Somoe yalikuwa bado yanauguzwa, kwa hiyo alilipapasa tu, kuanzia mbele hadi nyuma.

"Bakuli zuri," akasema. "Mtaweka maembe?"

Hashimu, mtumishi mwaminifu, alimfikishia fundi maneno yale bila kupunguza hata moja. Filipo aliumia. Aliumia kuliko alivyoumizwa na vicheko vyote vya Ihumwa, maana hao walikuwa hawajui bahari kama yeye tu, na bibi huyu aliijua. Tangu siku hiyo alitaka jambo moja: Bi Somoe alishike jahazi lile asiseme tena bakuli. Na Bi Somoe alikuwa na tiketi ya treni ya Jumatatu ya wiki iliyofuata.

Basi akaanza kufunga kamba. Alichonga mlingoti kwa fimbo ya mkole, akaweka foromali, ule mti wa kukingama unaobeba tanga. Tanga lenyewe alilisuka Loisi kwa ukindu, huku akilalamika, na likatoka zuri mno. Zilibaki kamba kumi na moja za kuushikilia mlingoti na foromali. Filipo akaitazama tena ile picha. Kamba zote zilikuwa zimenyooka.

Hapo ndipo ufundi wake ulipomponza. Mtu mwingine angefunga vifundo akamaliza. Filipo alichonga vigingi kumi na kimoja, kama vile vya kukazia nyuzi za zeze, akavipachika kwenye ukingo wa jahazi, kila kamba na kigingi chake. Akawa anazungusha, anagonga kwa ukucha, anatega sikio, anazungusha tena. Kufikia Alhamisi jahazi lilikuwa linaimba.

Habari zikaenea. Wale waliocheka wakaja kusikiliza. Obedi, mwalimu wa kwaya, aliligonga mara mbili akapata sauti ya kuanzishia wimbo, akasema kinanda cha kanisani kingepaswa kuona haya. Treni ya umeme ilipopita, meza ilitetemeka kidogo na kamba zote zikavuma zenyewe. Filipo alitembea uani mikono nyuma, kama mkaguzi wa shule.

"Baba Angelina," Loisi akamwambia, "jahazi linaimba ili iweje?"

"Kamba iliyolegea ni ya kufungia mbuzi."

"Ngoma ikivuma sana hupasuka."

"Hii si ngoma, Mama Angelina."

Bi Somoe alikuwa aje Jumamosi mchana. Asubuhi ya siku hiyo Filipo alizungusha kila kigingi kwa mara ya mwisho, robo mzunguko tu, akaenda kuoga. Alikuwa amepaka sabuni kichwani aliposikia kutoka sebuleni, *tak*.

Alitoka na povu masikioni. Kamba kumi na moja zilikuwa zimeuvuta mlingoti kuelekea chini kwa nguvu moja, na kitako cha mlingoti kilikuwa kimesukuma mpaka kikakata mshono wa chini. Mbao mbili zilikuwa zimeachana. Mlingoti uliegemea upande mmoja kama mtu anayetoka kilabuni. Filipo akakaa juu ya kiti bila kujifuta. Miezi miwili na ushee ya kazi, na sasa lilikuwa bakuli kweli, tena bakuli bovu. Alitamani kulia, na pengine alilia, maana povu lilikuwa limeshaingia machoni na hakuna aliyeweza kutofautisha.

Loisi alikuja, akatazama, na hakusema "nilikwambia". Katika miaka thelathini na mitano ya ndoa jambo hilo lilikuwa halijawahi kutokea. Alimletea taulo tu.

Mara honi ikalia nje. Ilikuwa saa tano, wageni wamewahi. Bi Somoe alikuwa amekataa kusubiri mchana.

Filipo alinyakua khanga kutoka kwenye kochi akalifunika jahazi. Loisi akaifunua.

"Mficha maradhi kifo humuumbua," akasema, akaenda kufungua mlango.

Bi Somoe alikuwa kibibi chembamba, miwani nyeusi usoni, akitembea mbele ya mwanawe badala ya kushikwa mkono.

"Shikamoo, mama," Filipo akasema.

"Marahaba, mwanangu. Liko wapi bakuli langu?"

Wakamkalisha mezani. Akapeleka mkono, na kidole chake kikagusa kamba ya nyuma iliyokuwa bado imekaza. Ikalia. Akagusa nyingine, nayo ikalia sauti yake. Akazifuata kamba zote kwa vidole, akavikuta vigingi kimoja kimoja, akaufikia mshono uliokatika. Halafu akaanza kucheka. Alicheka mpaka akavua miwani kuipangusa.

"Fundi," akasema, "jahazi hili umelifunga au umeliadhibu?"

Filipo akajitetea kwa sauti ndogo. "Mama, mimi ni mtu wa zeze. Uzi ukilegea kwetu ni aibu."

"Zeze halisukumwi na upepo, baba. Jahazi linasukumwa." Akamshika mkono akauweka juu ya kamba. "Upande upepo unakotoka, kamba ikaze. Upande wa pili ilale, isubiri zamu yake. Upepo ukigeuka wanapokezana. Marehemu baba yangu, aliyekuwa nahodha, akimkuta baharia amekaza pande zote mbili, alimwambia ashuke atembee kwa miguu."

"Katikati ya bahari?" Loisi akauliza.

"Alikuwa na hasira, marehemu."

Hakuna aliyependekeza waanze kazi, waliianza tu. Filipo alileta uzi wa katani, Loisi akazibana mbao, na mumewe akashona. Hashimu alipewa kusokota kamba mpya, akaisokota vibaya, mama yake akamwondoa kazini mbele ya watu. Bi Somoe mwenyewe alisokota juu ya paja bila kutazama, akafunga kifundo kimoja kilichomfanya Filipo asogeze kiti karibu: ukikivuta upande huu hakitoki hata kwa ng'ombe, ukikivuta upande ule kinafunguka kama hakikuwepo. Filipo alikifunga mara nne kabla ya kukiweza. Alifurahi wazi kabisa, kama mtoto aliyejua kupanda baiskeli.

Bi Somoe akapapasa mshono mpya wa chini. Safari hii hakucheka.

"Nani alikufundisha kurudisha uzi mara mbili katika tundu moja?"

"Mama yangu. Kwa ajili ya vibuyu."

"Babu yangu naye alirudisha hivi hivi," akasema polepole. "Watu hukumbuka kamba, wakausahau mshono huo."

Kilichobaki kilikuwa kung'oa vigingi. Filipo aliving'oa mwenyewe, na kila kimoja kilimuuma, kwa sababu vilikuwa vizuri. Alipofika cha kumi na moja, kile cha kamba ya mbele inayotoka kwenye mlingoti hadi omo, Bi Somoe akamzuia.

"Hicho kiache. Kamba hiyo hukaa imekaza siku zote. Na nikifika kwetu nitaigonga, nikumbuke ni jahazi la Dodoma."

Alasiri ikaingia. Loisi akasema chai watanywea uani, kwa kuwa sebule ilijaa vumbi la mbao. Filipo akalibeba jahazi likiwa juu ya kibao chake cha kulisimamisha, akaliweka kwenye meza yenye kitambaa cha plastiki, karibu na sahani ya karanga. Majirani wawili watatu walikuwa wameshafika ukutani. Bi Somoe akavua miwani alione vizuri. Jicho lililopona lilitazama, likatazama. Filipo alisimama pembeni na birika mkononi, hamimini, akimsubiri aseme lolote.

Ilikuwa Agosti, na upepo wa Dodoma wa Agosti haupigi hodi. Ulikuja kutoka upande wa reli na vumbi lake, ukapeperusha maganda ya karanga, ukaingia kwenye tanga la ukindu. Tanga likatuna. Kamba za upande mmoja zikakaza zote kwa pamoja, za upande wa pili zikalala. Kamba ya mbele ikavuma kidogo. Jahazi likainama, likasita, halafu likaanza kuteleza juu ya plastiki, likapita sahani, likapita vikombe, likaelekea ukingoni.

Bi Somoe aliruka kutoka kitini, bibi wa miaka themanini na ushee, mikono juu.

"Hashimu! Shika kamba! Linaondoka!"

Hashimu alilidaka likiwa limeshatoka nusu nje ya meza. Uani kote watu walipasuka kwa kicheko, na Bi Somoe, alipotambua alichokuwa amekipigia kelele, akacheka kuliko wote na kujifuta macho kwa ncha ya khanga.

Filipo peke yake hakucheka. Alikuwa bado ameshika birika, macho yamemjaa maji, na angeulizwa angesema ni vumbi.

"Mama Angelina," alimwita mkewe taratibu, "umesikia?"

"Nimesikia."

"Bakuli haliondoki."