Vidonge Nilivyompa Dada

Dada yangu alikuwa na pumu tangu utotoni. Tulizaliwa kisiwani Mbwera, yeye wa kwanza na mimi wa mwisho, na mama alipofariki yeye ndiye aliyenilea. Kifua kilipombana hakuwa na dawa ila kahawa. Aliichemsha nyeusi, bila sukari, akainywa ya moto ameinama, mikono magotini, na baada ya muda ile sauti ya filimbi kifuani ikapungua. Nilipokuja kusomea uhudumu wa afya kwa miezi michache, nikaanza kumcheka. Nilimwambia kahawa si dawa, ni mazoea tu.

Miaka ile biashara ilikuwa imefunguliwa kwa watu binafsi. Zamani dawa tulizitegemea zahanati ya serikali, na mara nyingi rafu zake zilikuwa tupu. Sasa mtu aliweza kufungua duka, nami nikafungua duka la dawa baridi, zile zisizohitaji cheti cha daktari, pale Ikwiriri, jirani na stendi. Nilivaa koti jeupe ingawa hakuna aliyenitaka nilivae. Watu wakaniita daktari, sikuwakataza. Antibiotiki sikuruhusiwa kuuza, lakini nilikuwa nazo kwenye boksi chini ya kaunta.

Kule kwetu nako wanunuzi wa kamba wa baharini walikuwa wanakuja na barafu zao, na dada akawa anamenya kamba na kukausha samaki kwa moshi. Moshi ule ulimharibu zaidi. Nikamwita aje kwangu. Alipanda boti hadi Nyamisati, kisha gari, akafika na kikapu cha mchele na chupa ya kahawa.

Nilimpeleka zahanati. Tabibu alimwandikia vidonge vya aminofilini, akamwonya asizidishe hata kimoja. Hakumuuliza anakunywa nini. Mimi niliyejua nikanyamaza, maana niliona haya kutaja kahawa mbele ya msomi.

Vidonge vilimfaa sana. Alipanda ngazi za nyumba ya jirani bila kusimama, akarudi akicheka kama msichana. Lakini baada ya wiki mbili akashikwa na homa na kikohozi cha makohozi ya njano. Tabibu alikuwa amesafiri. Ningeweza kumpeleka kwingine, ila nilitaka dada aone kwamba yule aliyemlea sasa anaweza kumtibu. Nikafungua boksi, nikatoa erithromaisini.

Aliviweka kiganjani vidonge vya aina zote mbili, akaviangalia.

"Mdogo wangu, hivi na vile vya kifua vinapatana?"

Sikujua. Hata sikuwahi kujiuliza.

"Vinapatana," nikamjibu.

Siku ya tatu alianza kutapika. Mikono ilitetemeka hata hakuweza kushika sahani, na alisema moyo unamwenda mbio. Nikadhani ni malaria. Yeye alipoona pumzi zinamkatika kwa kutapika, akazidisha kahawa. Kesho yake asubuhi alianguka uani, akakakamaa, macho yakageuka. Jirani akasema ni jini, uletwe ubani. Nilimlaza ubavu, nikakimbilia barabarani kutafuta gari, na pikapu iliyobeba ufuta ikatupeleka hospitali.

Daktari aliyempokea alikuwa mama wa makamo. Akataka kujua dawa zote alizomeza. Nikazitaja. Kisha akauliza kama anakunywa kahawa, nikakubali.

Dada alipotulia, daktari aliniketisha kwenye benchi akanieleza taratibu. Alisema mwilini kuna kitu kiitwacho adenosini, kinachochukua ujumbe kutoka seli moja hadi nyingine. Kwenye kifua cha mwenye pumu, ujumbe huo hubana njia za hewa. Lakini kwenye ubongo na moyo, ujumbe uleule husema tulia, pumzika. Aminofilini huuzuia, na kahawa huuzuia vilevile, ndiyo maana kahawa ilikuwa inamsaidia siku zote. Dawa yangu ya kikohozi ilizuia ini lisiondoe aminofilini mwilini, ikarundikana, hadi ubongo na moyo vikakosa wa kuviambia vitulie.

"Mweleze mwenyewe," akasema. "Vidonge bado vinaweza kumfaa, kwa kipimo kidogo na bila kahawa. Asiviogope."

Hakunikaripia. Nilitamani anikaripie.

Tulirudi nyumbani. Dada alikonda, na aliongea polepole. Siku moja, akichambua mchele, akaniambia amegundua kwamba damu yake haipatani na dawa za hospitali, kwa hiyo ataziacha. Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Kinywa nilikifungua. Nikaona jinsi alivyokuwa akiniangalia, bila shaka hata kidogo juu yangu, nikasema, "Labda ni kweli, dada."

Akarudi Mbwera. Kila nilipomtembelea nilijiambia nitamweleza, na kila mara niliondoka sijamweleza. Hakumeza kidonge tena. Miaka michache baadaye, katika masika, kifua kilimbana adhuhuri moja na boti ya kumtoa kisiwani ikachelewa. Mimi nilikuwa dukani Ikwiriri, napanga dawa.

Baada ya arobaini ya dada nilimwita binti yake, nikamsimulia yote, la erithromaisini na la kunyamaza kwangu. Alisikiliza hadi mwisho.

"Mjomba, yeye angekusamehe siku ileile," akasema. "Kwa nini hukumwambia?"

Nilimwambia nilimwogopa dada, lakini si kweli. Niliogopa kwamba hataniona tena kuwa daktari.